Klika, maini ya kuku na pindo la dera

Ukiwa na mtoto wa mbwa Mombasa, kumfunza kutoa mkono kutangoja. Somo la kwanza ni miguu minne chini, asirukie watu. Mtaani kwetu Tudor wengi ni Waislamu, na Waislamu wa pwani kwa kawaida hufuata madhehebu ya Shafi: mate ya mbwa yakigusa nguo, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa mzee katoka na kanzu yake, magharibi imeshaadhiniwa, na kijibwa chako kimemrukia kwa furaha. Swala ya jamaa imempita, na ujirani umeingia doa.

Ushauri utakaopewa bure ni kumchapa na gazeti lililokunjwa. Mimi siukubali. Mtoto akichapwa hujifunza kukuogopa, halafu huruka ukiwa haupo. Ndiyo maana Dafu alipokuja kwetu akiwa na wiki nane, umri ambao mtoto wa mbwa yuko tayari kabisa kujifunza, nilichukua klika.

Ni kidude cha plastiki chenye ulimi wa chuma; ukikibonyeza kinalia “tak”. Usipokipata madukani, kalamu ya kubonyeza inatosha, au kile kifuniko cha chupa ya jemu chenye kitovu kinachobonyea katikati. Mbinu yenyewe ina asili Marekani: Keller na Marian Breland, waliosoma kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, walianza kufunza wanyama hivi miaka ya 1940, na miaka ya 1960 mfunza wanyama Karen Pryor akafunza pomboo kule Hawaii kwa filimbi na samaki. Pomboo humvuti kwa kamba wala humchapi, ataondoka zake tu. Kwa hiyo unabaki na njia moja: umwonyeshe ni kitendo kipi kimemletea chakula.

Kazi hiyo ya kuonyesha ni ya mlio. Kwanza umpe maana: bonyeza, mpe kipande, bonyeza, mpe kipande, mara kumi hivi, chakula kikifuata ndani ya sekunde moja au mbili. Mlio utangulie, mkono ufuate. Mkono ukiingia mfukoni kabla ya mlio, mbwa atasoma mkono na klika itabaki kelele. Siku atakapokuwa anacheza pembeni, ukabonyeza naye akageuka mara moja kukutafuta, ameshaelewa. Akishtuka na mlio, ifunge klika kwa kitambaa au ibonyezee mfukoni.

Halafu kuruka. Simama, mwache aje. Bonyeza angali na miguu yote chini, kabla hajainuka, kisha weka kipande sakafuni, si mkononi, ili pua yake ielekee chini. Akikuwahi akaruka, geuka umpe mgongo, usiseme kitu, usimtazame. Miguu ikigusa sakafu tu, tak. Wakati ndio kila kitu hapa: makanga akichelewa kugonga bodi ya matatu, abiria amepitishwa steji, na mlio ukichelewa umelipia kitendo kingine kabisa. Ukibonyeza kimakosa, lipa vilevile. Mlio ukilia bila malipo unapoteza thamani.

Kuketi kunafuata kwa urahisi. Peleka kipande puani pake, kiinue kidogo kuelekea nyuma ya kichwa, makalio yatashuka yenyewe. Bonyeza yanapogusa chini, usingoje ainuke. Neno “keti” lisubiri mpaka awe anaketi bila kusitasita, na nyumba nzima itumie neno hilo hilo.

Sasa jambo ambalo sijaliona likielezwa popote: nguo zetu. Kanzu, buibui, dera, leso, vyote vina pindo linalopepea, na pindo linalopepea ni mchezo kwa mtoto wa mbwa. Nilimwomba mke wangu avae dera apite sebuleni, kwanza polepole na kwa mbali, nami nikawa nabonyeza kila Dafu alipolitazama pindo akabaki alipo. Tukasogeza umbali kidogo kidogo. Watoto wakapita na leso mabegani wakicheka, hiyo ikawa mitihani yake. Majirani wasiwe vifaa vya mazoezi. Mbele yao mfunge kamba na ukae mbali, hata ukidhani ameshahitimu.

Chakula: maini ya kuku, chemsha bila chumvi na hasa bila kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa, ukate vipande vya ukubwa wa punje ya mbaazi. Yakizidi huharisha, kwa hiyo changanya na punje za chakula chake cha kawaida na upunguze kwenye sahani yake ya siku. Dakika mbili tatu zinatosha kwa kipindi kimoja, kabla hajala, mara chache kwa siku. Msimu wa kaskazi fanya alfajiri au jioni. Kama mgongo wa mkono wako hauvumilii sakafu ya nje, nyayo zake hazitavumilia.

Chanjo zikiwa hazijakamilika, zile za parvo, ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa, na ile ya kichaa cha mbwa anapofika miezi mitatu, mazoezi yote yawe ndani au uani kwako. Mtaa auone akiwa mikononi mwako: tuktuk, mikokoteni, paka wa barazani. Klika unaweza kwenda nayo hata hivyo. Dafu alikuwa akipewa ini kila tuktuk ilipopita naye akanyamaza.

Na usiitumie kumwita. Mlio unasema “hicho ndicho, malipo yanakuja”, hausemi “njoo”. Somo likishakolea, klika inarudi kabatini na maini yanatolewa mara moja moja, sifa zikichukua nafasi. Yetu imetoka tena kabatini juzi, kwa somo la kutookota vichwa vya samaki barabarani.