Tezi za ng'ombe zikitoka kahawia tupu: wapi pa kutafuta kosa, na CD3 ipi ya kuchagua

Mkuu, umeeleza kwamba unatafuta seli T kwenye tezi za limfu za ng'ombe waliokufa kwa ndigana kali hapo Tanga. Umetumia kingamwili ya kwanza ya kipanya dhidi ya CD3 ya binadamu (CD3 ni protini inayotambulisha seli T) pamoja na mfumo wa biotini, yaani kingamwili ya pili inayoishika ya kwanza na kubeba biotini, kisha streptavidini yenye kimeng'enya cha peroksidezi inayoishika biotini hiyo na kugeuza rangi ya DAB kuwa kahawia, na slaidi zote zimetoka kahawia, hata ile uliyoiacha bila kingamwili ya kwanza. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuisikiliza. Kama rangi imetokea bila kingamwili ya kwanza, basi usihangaike kuizimua zaidi wala usikimbilie kununua nyingine. Kosa limo ndani ya tishu au katika hatua zinazofuata.

Chukua bloku moja, kata vipande vinne vya mikroni 3 hadi 4. Cha kwanza kitoe nta, kifunike bila kukitia chochote. Ukiona kahawia hapo, hiyo ni pigimenti: hemosiderini, au ile inayoachwa na fomalini isiyo na bafa. Cha pili kitie DAB peke yake. Kikigeuka, umekutana na peroksidezi ya tishu, na tezi iliyovuja damu huwa nayo kwa wingi. Cha tatu na cha nne vipitishe kwenye joto la kufufua antijeni kama kawaida (kupasha kipande ndani ya bafa ili kingamwili iweze kushika), kisha haidrojeni peroksaidi 3% dakika 10 kuzima peroksidezi ya tishu. Cha tatu kipe streptavidini na DAB tu; kikigeuka, ni biotini ya tishu, ambayo joto huifichua zaidi. Cha nne kipe kingamwili ya pili kwanza, kisha streptavidini na DAB. Kikigeuka hiki peke yake, kingamwili ya pili inashika imunoglobulini za ng'ombe mwenyewe, na tezi ya limfu imejaa seli za plazima zinazozitengeneza.

Dawa ya biotini ni kuachana nayo, uhamie mfumo wa polima, ambamo peroksidezi imeungwa na kingamwili ya pili bila biotini. Dawa ya hilo la nne ni kutafuta kingamwili ya pili iliyochujwa dhidi ya seramu ya ng'ombe, yaani zinazoshika imunoglobulini za ng'ombe zimeondolewa. Maelezo ya mtengenezaji husema wazi kama imechujwa. Kuzuia mshiko ovyo, tumia seramu 5% hadi 10% ya mnyama yule yule aliyetoa kingamwili ya pili. Na tafadhali usiguse kingamwili ya kwanza ya mbuzi kwenye tishu ya ng'ombe, mbuzi au kondoo. Kingamwili ya pili inayomtafuta mbuzi itawashika wote watatu, kwa kuwa imunoglobulini zao zinafanana mno. Katika mfumo huo hata maziwa ya unga ya kuzuilia yanaharibu kazi.

Sasa CD3 yenyewe. Neno "binadamu" kwenye chupa halikuambii mengi. Uliza ilitengenezwa dhidi ya sehemu gani ya protini. Sehemu ya CD3 iliyo nje ya seli hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama, ndiyo maana kloni nyingi (kingamwili za aina moja tu) zilizotengenezwa dhidi ya CD3 ya binadamu hazioni kitu kwa ng'ombe. Mkia wa epsiloni, mojawapo ya sehemu za CD3, ulio ndani ya seli umebaki karibu ule ule. Kwa hiyo chagua polikloni (mchanganyiko wa kingamwili) ya sungura dhidi ya peptidi ya mkia huo, au kloni CD3-12. CD3-12 inatoka kwa panya mkubwa, si kipanya, hivyo inataka polima yake. Kwa seli B, kingamwili dhidi ya CD79a (protini ya seli B), kloni HM57, inafanya kazi kwa ng'ombe kwa sababu hiyo hiyo. Ziweke zote mbili, maana Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, huingia seli T na seli B. Kingamwili ambayo haijawahi kujaribiwa kwa ng'ombe, linganisha mfuatano wa peptidi yake na wa ng'ombe kwenye UniProt (hifadhidata ya protini mtandaoni) kabla hujatoa hela.

Jaribio la kwanza lifanye hivi: bafa mbili, sitreti milimola 10 pH 6.0 na Tris-EDTA pH 9.0, zote kwenye nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20, kisha ziache zipoe dakika 20 zaidi ndani ya bafa. Kila bafa ipate mizimuo 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400, na slaidi moja yenye imunoglobulini ya kawaida ya sungura badala ya kingamwili ya kwanza, kwa kiwango kile kile cha protini. Slaidi kumi tu. Chagua mzimuo wenye tofauti kubwa kati ya eneo la parakoteksi (makazi ya seli T) na kitovu cha folikuli (makazi ya seli B), hata kama si wenye rangi nzito kuliko yote. Folikuli ikiwa kahawia sawasawa na parakoteksi, hiyo si CD3. Pima pH ya Tris ikiwa imepoa, kwa sababu hushuka kadiri joto linavyopanda. Aliye Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, maji yake huchemka karibu nyuzi 95, basi aongeze dakika.

"Joto la chumba" kwenye maelekezo ni nyuzi 20 hadi 25. Tanga mwezi wa Februari chumba kisicho na kiyoyozi kinapita 30, na mshiko ovyo huongezeka. Weka kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye friji, nyuzi 4, ndani ya kisanduku chenye karatasi mbichi. Kipande kikikauka hata mara moja, kingo zitatoka kahawia na hakuna cha kuziosha. DAB nayo huenda mbio kwenye joto: itazame chini ya hadubini tangu dakika ya kwanza, uandike muda, na slaidi zote za siku hiyo zipate muda huo huo.

Usitie sodiamu azidi kwenye bafa itakayokutana na polima ya peroksidezi, inaua kimeng'enya. Kwa umeme wa kukatika, gawa kingamwili ya kwanza kwenye vichupa vya mikrolita 10 uweke friza, usigandishe tena kilichoyeyuka. Polima haigandishwi kabisa.

Na bloku zijazo: mzoga ukilala juani saa kadhaa, tezi inaoza na hakuna bafa itakayoirudisha. Kata vipande vya milimita 5, fomalini yenye bafa 10% mara kumi ya ujazo wa tishu, saa 24 hadi 48, kisha hamishia ethanoli 70% kama huwezi kuvipitisha siku hiyo.