Maswali ya Wasomaji: Ua wa Kayaba

SWALI: Ua wangu wa kayaba, ule mti wa miiba, una miaka mitatu na umenipita kimo, lakini chini ni vijiti vitupu. Kuku na mbuzi wa jirani wanaingia kila siku. Niuzibe mwanya huo na nini? – Msomaji, Limuru

JIBU: Usizibe, kata. Kayaba iliyoachwa irefuke bila kukatwa hupeleka nguvu zote juu. Kichwa kikishatanda, majani ya chini hukosa jua na kufa. Miche mipya ukiichomeka hapo haitafanikiwa kwa sababu hiyo hiyo, tena mizizi ya ile mikubwa itainyima maji.

Subiri mvua ya masika ikolee, kisha kata ua wote hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Inauma, lakini kayaba huchipua vizuri sana kutoka kwenye kisiki. Yale matawi ya miiba uliyoyakata yalaze pande zote mbili za visiki, mbuzi wasifikie machipukizi.

Machipukizi yakifika sentimita 20, punguza nusu. Rudia kila yanaporefuka kiasi hicho, kwa maana kila ncha inayokatwa hutoa matawi mapya ya pembeni, na hayo ndiyo yanayoziba mwanya. Ua ukifika kimo cha mita moja na nusu, unyoe chini pawe papana kuliko juu: sentimita 80 chini, 50 juu. Hapo jua litafika hadi kwenye majani ya mwisho.

Tumia makasi makali ya ua. Panga hupasua vijiti, navyo hukauka kuanzia kwenye mpasuko. Vaa glavu za ngozi na ufagie vipande vyote, kwani mwiba wa kayaba hutoboa ndala na hata gurudumu la wilbaro.

SWALI: Nina ploti ya futi 50 kwa 100 na nataka kuotesha mbegu mwenyewe. Nahitaji miche mingapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Mzunguko wako ni futi 300. Ukitoa futi 12 za lango na kupanda mche mmoja kila futi, unahitaji 288. Otesha 350 ili utupe iliyo dhaifu. Tunda moja huwa na mbegu 5 hadi 15, kwa hiyo matunda 60 yaliyoiva manjano yatatosha. Yaponde, osha mbegu mpaka utelezi uishe (nyama ya tunda ikibaki huleta ukungu), zianike kivulini, kisha uzifukie sentimita moja tu.

Miche ikifika sentimita 30, chimba mtaro wenye kina na upana wa sentimita 45 badala ya mashimo. Changanya udongo na samadi iliyooza, debe moja kwa kila mita. Ondoa karatasi yote ya nailoni uliyooteshea miche. Mahali maji yanapotuama, inua tuta kwanza, la sivyo mizizi itaoza.

Mche ukishashika, ukate ubaki sentimita 15. Hapa ndipo wengi huonea miche huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomletea msomaji wa Limuru mbuzi shambani.

SWALI: Mbona kayaba yangu haizai? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Kayaba ina miti dume na miti jike, na unyoaji wa mara kwa mara huondoa maua. Acha jike moja na dume moja pembeni bila kunyoa. Matunda yake ni machachu, lakini hutoa jemu nzuri.