Maziwa kukatika kwenye chai ya tangawizi

Pole, ndugu. Umesema kila ukipika chai ya viungo ya kukupa joto kwenye baridi, maziwa yanakatika, na ukipunguza tangawizi chai inapooza. Hapo usiyalaumu maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na kuchemka ndiko kunakokiua. Kwa hiyo tangawizi ichemke kwanza na maji peke yake.

Kwa vikombe 2, ponda kipande cha tangawizi kama kidole gumba, iliki 4, karafuu 2 (usizidishe, humeza ladha nyingine zote) na kijiti cha mdalasini. Chemsha kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji kwa dakika 10, mpaka harufu ijae jikoni. Tia majani ya chai, kisha kikombe 1 cha maziwa uliyoyapasha moto kando. Yakianza kupanda, epua na uchuje. Sukari mimi naweka mwisho.

Ukitumia asali, usimpe mtoto aliye chini ya mwaka 1. Na kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kabla ya kunywa tangawizi nyingi kila siku.