Maswali ya Wasomaji: Chama cha Kikomunisti Kilichokulia Ndani ya Jumuiya ya Waislamu

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Hapa Lamu tunajua kwamba watu wa Hadhramaut hawakuja pwani yetu peke yake, bali wengine walivuka hadi kisiwa cha Java, katika Indonesia ya leo. Juzi barazani mwenzetu mmoja alisema kuwa huko Java, chini ya Waholanzi, ndiko kulikoanzishwa chama cha kwanza cha kikomunisti katika Asia, na kwamba wafuasi wake wengi walikuwa Waislamu. Je, ni kweli? Na iliwezekanaje?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Mwenzenu hakukosea. Chama hicho kilitangazwa katika mji wa bandari wa Semarang tarehe 23 Mei 1920, na ndicho cha kwanza katika Asia, ukiondoa nchi zilizokuwa chini ya dola ya Urusi. Lakini tarehe hiyo haielezi mengi, kwa sababu kazi iliyokipa nguvu ilikuwa imekwisha kufanyika ndani ya jumuiya nyingine.

Jumuiya hiyo ni Sarekat Islam, iliyoanzishwa mwaka 1912 mjini Surakarta na Haji Samanhudi, mfanyabiashara wa batiki, ili wenzake wasimame pamoja mbele ya ushindani wa wafanyabiashara wa Kichina. Chini ya kiongozi wake Tjokroaminoto ilienea kwa kasi kubwa, kwa kuwa mkulima aliyeshurutishwa kukodisha shamba lake kwa kampuni za sukari kwa malipo duni, na karani aliyedharauliwa ofisini, wote walipata humo mahali pa kufikisha malalamiko yao. Mwaka 1914, mjini Surabaya, Mholanzi Henk Sneevliet alianzisha kikundi cha wasoshalisti, ambacho ndicho kilichogeuka baadaye kuwa chama hicho cha kikomunisti; mwanzoni karibu wanachama wake wote walikuwa Wazungu. Kikundi kama hicho kisingefika popote bila njia ya kuwafikia wenyeji, na njia hiyo ilikuwa reli: chama cha wafanyakazi wa reli na tramu, kilichoundwa Semarang mwaka 1908, kiliwapokea Wazungu na wenyeji pamoja.

Ni kwa njia hiyo Semaun, kijana mfanyakazi wa reli aliyekuwa tayari katika Sarekat Islam, alikutana na fikra za Sneevliet. Wakati huo mtu aliruhusiwa kuwa mwanachama wa vyama viwili. Semaun akaongoza tawi la Sarekat Islam la Semarang mwaka 1917, na mambo ya mishahara na migomo yakawa ndiyo mazungumzo ya tawi. Kwa hiyo Waholanzi walipomfukuza Sneevliet mwishoni mwa mwaka 1918, walikuwa wamechelewa, kwani uongozi ulikuwa unashikwa na wenyeji wenyewe, na Semaun ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama mwaka 1920.

Kuhusu dini, wafuasi wengi hawakuona kwamba wametakiwa kuchagua. Haji Misbach wa Surakarta, mhubiri mwenye elimu ya dini, alifundisha kuwa kupinga dhuluma ya wenye mali ni wajibu wa Mwislamu, naye akahamishiwa Manokwari, mbali mashariki, alikofia mwaka 1926. Waliowalazimisha watu kuchagua walikuwa viongozi wa juu: mwezi wa Oktoba 1921 mkutano wa Sarekat Islam, kwa msukumo wa Agus Salim na Abdul Muis, ulikataza uanachama wa vyama viwili.

Kwa maoni yangu, utengano huo uliumiza pande zote mbili, kwani jumuiya ilipoteza wapiganaji wake hodari na chama kikapoteza hifadhi yake. Chama kilichobanwa na polisi kiliamua kuasi, ingawa Tan Malaka, mmoja wa viongozi wake, alionya kwamba hakikuwa tayari. Maasi ya Novemba 1926 huko Banten, magharibi mwa Java, na Batavia (Jakarta ya leo), na ya Januari 1927 Sumatra Magharibi, yalizimwa upesi; watu wapatao 13,000 walikamatwa, na zaidi ya 1,000 wakapelekwa kizuizini Boven Digoel, katika misitu ya Papua, wakiwamo maulamaa wa Banten waliokuwa wameongoza maasi hayo vijijini kwao.