Shangazi anauliza vita, mdogo wangu anauliza ule mji wa Nagai

Jamani, grupu la familia limenijazia maswali tangu Novemba 2025, nikiwajibu mmoja mmoja sitamaliza, acha niandike mara moja mpelekeane. Shangazi kasikia kwenye redio kwamba China na Japani wanataka kupigana, anataka nirudi nyumbani kabla ndege hazijasimama. Mdogo wangu wa Mbeya yeye bado ananitumia ile habari ya mwezi wa nane kwamba Japani wameipa Tanzania mji mzima unaitwa Nagai, anauliza tunaanza lini kuhamia na mimi nimeshajishikia kiwanja au bado. Nitaanza na shangazi kwa kuwa ndiye mkubwa, ila niseme mapema, swali linalonikosesha usingizi ni la huyu mdogo.

Shangazi shikamoo. Hamna vita. Kuna ugomvi mkubwa, huo upo, na umeanza hivi: tarehe 7 Novemba waziri mkuu mpya, Takaichi Sanae, mwanamke wa kwanza kukikalia kile kiti, aliulizwa bungeni kwamba China ikiizingira Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, kwa manowari itakuwaje, akajibu kuwa jambo kama hilo linaweza kuhesabika ni hatari kwa uhai wa Japani yenyewe. Ukiisikia hivihivi ni kauli ya kawaida tu, lakini hapa ina uzito wa kisheria, maana katiba yao ya 1947 kifungu cha 9 inasema Japani imeachana na vita, hata jeshi lao halijiiti jeshi, ni Kikosi cha Kujihami, kipo tangu 1954. Mwaka 2015 enzi za waziri mkuu Abe Shinzo wakapitisha sheria kwamba wanaweza kumsaidia rafiki aliyeshambuliwa, ila pale tu uhai wa Japani nao ukiwa hatarini. Mawaziri wakuu waliopita walikuwa wanakwepa kuitaja Taiwan wazi kwenye maneno hayo. Huyu Takaichi akaitaja. China wakawaka, wakawaambia raia wao wasisafiri kuja huku, wakazuia tena samaki wa Japani kuingia kwao, na Desemba serikali ya hapa ikasema ndege za kivita za China zimezimulika kwa rada ndege za Japani karibu na visiwa vya Okinawa, ile rada ya kulengea silaha, China wao wanaielezea stori hiyo kivingine.

Kwahiyo ndiyo, hali imechafuka. Lakini mimi nipo Kawasaki, pembeni ya Tokyo, asubuhi napanda treni imejaa vilevile, watoto wanaenda shule na vikofia vyao vya njano. Wenye haki ya kuogopa ni watu wa Yonaguni, kile kisiwa cha mwisho kabisa kusini magharibi, kutoka pale mpaka Taiwan ni kilomita 110 tu, chukulia Dar mpaka Chalinze. Walijengewa kambi ya Kikosi cha Kujihami ikafunguliwa 2016, na Agosti 2022 China ilipofanya mazoezi ya kijeshi kuizunguka Taiwan makombora matano yalidondoka kwenye maji ya ukanda wa kiuchumi wa Japani, huko huko wanakovua. Na Okinawa kwa ujumla, mkoa ambao ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya nchi, umebeba kama asilimia 70 ya eneo la kambi za Wamarekani zilizoko Japani. Hawa watu mwaka 1945 vita ilipiganwa juu ya vichwa vyao, inakadiriwa mmoja kati ya kila wanne alikufa, halafu 2019 wakapiga kura ya maoni kuhusu kambi mpya ya Wamarekani ya Henoko, zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga wakasema hatutaki, na ujenzi ukaendelea tu. Mkiniuliza nani ananyanyasika kwenye siasa za ulinzi za nchi hii, nitawataja hao kabla ya kujitaja mimi.

Mimi hofu yenyewe niliionja mara moja. Tarehe 29 Agosti 2017, nilikuwa bado mwanafunzi Sendai, saa kumi na mbili na dakika mbili asubuhi simu ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia, nikajua ni tetemeko, kuangalia naona kombora limerushwa kutoka Korea Kaskazini, ingia kwenye jengo imara au chini ya ardhi. Shangazi, nilikuwa nakaa chumba cha ghorofa ya pili kwenye nyumba ya mbao. Jengo imara lipi? Nilisimama katikati ya chumba nimeshika simu na pasipoti, basi, sikujua pengine pa kwenda. Lile kombora lilipita juu ya Hokkaido likatumbukia baharini. Nilipotoka nje nikamkuta bibi jirani anamwagilia maua yake kama kila siku, nikamuuliza bibi hujasikia, akasema nimesikia. Akanionyesha kwa mkono upande wa stesheni, akaniambia huko kote kuliungua usiku mmoja, Julai 1945, yeye alikuwa mtoto mdogo amebebwa mgongoni, ndege za Marekani zilimwaga moto mpaka katikati ya mji kukaisha. Akasema tangu siku hiyo yeye kazi yake ni moja, kupiga kura kila uchaguzi ili wasije wakasahau.

Huyo bibi nilimpenda sana. Kizazi chake kinaondoka. Chama cha wahanga wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Nihon Hidankyo, wamepewa Nobel ya amani 2024 na wengi wao ni wazee sana, na huku nyuma yao mambo yanageuka haraka. Desemba 2022 serikali ilipanga kutumia yeni trilioni 43 kwa ulinzi ndani ya miaka mitano, wakasema watakuwa na makombora ya kufika mpaka kwenye kambi ya adui, kitu ambacho zamani kukitamka tu ilikuwa zogo. Mimi siwalaumu moja kwa moja. Ukiangalia ramani, kulia kwako bahari, kushoto kwako China, Korea Kaskazini na Urusi, wote watatu wana silaha za nyuklia, na nchi yenyewe mafuta yake ghafi zaidi ya asilimia 90 yanatoka Mashariki ya Kati kwa meli, bahari ikifungwa wamekwisha. Ndiyo maana Abe alikuja mpaka Nairobi Agosti 2016 kuitangaza ile sera yao ya Indo-Pasifiki huru na wazi, yaani njia za bahari ya Hindi na Pasifiki zisifungwe, na ndiyo maana wana kambi Djibouti tangu 2011, ilianza na maharamia wa Kisomali. Hayo magari mnayoyasubiri bandarini Dar yanapita humohumo. Naelewa kabisa kwanini wanaogopa.

Ninachokiona ila wengi huko nyumbani hawakioni ni hiki: mtu akishaogopa na mfuko umetoboka, anatafuta wa kumtazama kwa jicho baya, na kombora halitazamiki, anayetazamika ni mgeni aliyesimama mbele yake kwenye foleni. Na mfuko umetoboka kweli, mwaka 2025 mchele kilo tano ulivuka yeni 4,000, karibu mara mbili ya 2023, wamama supamaketi walikuwa wanashika mfuko wanaurudisha. Uchaguzi wa tarehe 20 Julai 2025 chama cha Sanseito kikaja na kaulimbiu ya Wajapani kwanza, kikapata viti 14 baraza la juu la bunge, na vyama vikubwa badala ya kupinga vikaanza na vyenyewe kushindana nani atawabana wageni zaidi. Sisi wageni katikati ya 2025 tulikuwa kama milioni 3.9 kwenye nchi ya watu milioni 124, ni kama asilimia tatu, na kura hatuna. Tunalipa kodi, tunalipa pensheni, tunasikiliza tu kampeni zinatuzungumzia.

Sasa mdogo wangu, hapo ndipo Nagai inapoingia, nisikilize vizuri.

Nagai ni mji mdogo mkoa wa Yamagata, jirani na Sendai nilikosomea, nimefika. Mashamba ya mpunga, milima, theluji ya kufa mtu. Kwenye Olimpiki ya Tokyo walijitolea kuwa mji mwenyeji wa Tanzania, watoto wa shule pale walijifunza kusema jambo na karibu kabla wengi wao hawajamwona Mtanzania hata mmoja. Agosti 2025 kulikuwa na mkutano wa TICAD, ule wa Japani na nchi za Afrika, Yokohama, shirika lao la maendeleo JICA likatangaza miji minne kuwa "miji ya nyumbani" ya nchi nne za Afrika: Nagai na Tanzania, Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji. Maana yake ilikuwa kubadilishana, vijana kutembeleana, matamasha, basi. Hakuna viza, hakuna uhamiaji, hakuna ardhi.

Lakini kwetu habari ikaandikwa kana kwamba Japani imeukabidhi mji kwa Tanzania. Nigeria nako serikali ikatoa taarifa inayosema kutakuwa na viza maalum, baadaye wakaiondoa. Wajapani wakachukua hizo skrinshoti wakazitafsiri, na ndani ya siku mbili tatu ikawa stori ya nchi nzima kwamba serikali inauza miji kwa Waafrika. Simu za matusi zikafurika kwenye ofisi za ile miji, watu wakaandamana mbele ya makao makuu ya JICA. Serikali ikakanusha, JICA wakakanusha, hamna aliyesikiliza.

Mimi nafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha magari yaliyotumika, upande wa makaratasi. Kuna mzee tunakula naye mchana miaka sita sasa, mtu mpole, mke wake huwa ananifungia tango la kuchachua nyumbani kwao. Mwisho wa Agosti akakaa, akafungua bento yake, chakula cha boksi, hakula, akaniuliza kwa sauti ya chini, hivi ni kweli mnakuja kuchukua Nagai? Alisema mnakuja. Miaka sita nilikuwa jina langu, siku ile nikawa "nyinyi". Nikamwelezea mwanzo mpaka mwisho, nikamfungulia taarifa ya wizara yao ya mambo ya nje kwa Kijapani chao, akasoma yote, akaniomba radhi kwa kuinama kabisa. Mimi nikamsamehe palepale. Lakini nilirudi nyumbani nikawaza, huyu ananijua na bado aliamini, sasa yule asiyenijua ambaye nakutana naye kwenye lifti usiku?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilipofungua simu jioni ile nikakuta kwenye grupu letu wenyewe mmeshasheya ile habari mara nne, na vigelegele, na mmoja kaandika Watanzania tukausimamishe huo mji. Mlikuwa na furaha, najua hamkuwa na nia mbaya. Ila skrinshoti za furaha yenu ndizo hizohizo zilizokuwa zinazunguka huku kama ushahidi kwamba tunakuja kuteka. Mtu akiposti Mbeya, mwenzake anaulizwa Kawasaki.

Tarehe 15 Septemba, jambo hili likiwa bado la moto, marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha ilipita Tokyo. Ilikuwa sikukuu, nikadamka na bendera yangu nikasimama barabarani. Wajapani waliokuwa pembeni yangu wakaiona bendera wakaanza kupiga kelele na mimi, Tanzania ganbare, Tanzania ganbare, yaani Tanzania kaza, kuna mama alinipa maji. Alphonce Simbu akamaliza ndani ya sekunde ileile na yule Mjerumani, Petros, mpaka wakaangalia picha ndiyo ikajulikana dhahabu ni yetu, ya kwanza Tanzania kupata kwenye mashindano hayo. Nililia, sifichi. Watu nisiowajua walinishika mikono. Nikasema basi, yataisha. Siku kumi baadaye, tarehe 25, JICA wakatangaza wameufuta mpango wote, wakasema umeiletea ile miji mzigo mkubwa kupita kiasi. Wale watoto wa Nagai na jambo yao, hiyo ndiyo hasara ninayoihesabu, na sijaona mtu anaiandika.

Kwahiyo shangazi, usihangaike, siku ubalozi wetu Tokyo ukisema tuondoke nitaondoka, haijafika huko na sioni dalili. Mkoba wangu wa dharura upo mlangoni, maji, tochi, pasipoti, huo kila mtu huku anao kwa ajili ya matetemeko. Ukiniombea, niombee kwenye mambo ya wageni zaidi, bungeni kila mwezi kuna jipya, mwishoni mwa 2025 walikuwa wanajadili kukaza masharti ya uraia na ukaazi, na mimi ombi la ukaazi wa kudumu nilikuwa nategemea kupeleka mwaka 2026 nikifikisha miaka kumi.

Na wewe mdogo wangu, hakuna kiwanja. Kuna skolashipu ya serikali ya Japani, ile niliyokuja nayo mimi, fomu zinatolewa ubalozi wa Japani Dar kila mwaka, ukitaka nitakusaidia kuandika utafiti wako hata tukeshe. Anza na hiragana, zile herufi zao za mwanzo, leo. Na ile habari kama bado iko kwenye stetasi yako, naomba uifute usiku huu.