Wenzake hawataki kukaa nae meza moja

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni msimamizi kiwanda cha korosho hapa Mtwara, upande wa kumenya, kina mama watupu. Mmoja alilazwa kwa matatizo ya akili, sa karudi na cheti cha daktari ila wenzake wanamkwepa, wanasema ana mashetani yatawapanda na wao. Asubuhi anasinzia, kilo anazomenya zimeshuka, bosi anasema msimu umepamba moto nimtoe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimtoe, na bosi mwambie hivyohivyo kwa adabu. Kuumwa akili ni kuumwa, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyefikisha miezi 6 kazini siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zingine nusu, cheti kiwepo tu. Tena mkimfukuza hivihivi ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, na huko bosi ndo atatakiwa aeleze sababu.

Huko kusinzia usikuone uvivu jamani, dawa nyingi za akili zinaleta usingizi hasa mwanzoni, na kosa kubwa ni yeye kuziacha ili achangamke kazini, kwahiyo mruhusu arudi kwa daktari aangaliwe dozi au muda wa kumeza, wewe huku muulize faragha kama kuchelewa kuingia kwa saa moja kutamsaidia. Zamu ya usiku usimpe kabisa, kukosa usingizi kunaweza kumrudisha wodini. Na kama analipwa kwa kilo ataumia mara mbili, muombee kazi ya kulipwa kwa siku, ya kupanga korosho kwa madaraja, mpaka akae sawa.

Hao wenzake usiwaitie kikao cha kumjadili, utamdhalilisha. Chukua mama mmoja anayesikilizwa pale, muombe akae nae, wengine watasogea wenyewe wakiona hakuna aliyepandwa na kitu. Ubishi wa mashetani achana nao, hata ndugu wakitaka kumpeleka kwa mganga sawa, ila dawa za hospitali ziendelee. Lakini atakayemwita chizi mkemee palepale, hilo usilipitishe hata siku moja.

Na hicho cheti kipeleke kwenye faili lake ofisini leo, kisikae mezani kwako ambapo kila anayekuja kusaini anakisoma.