Shukrani nyumbani msimu wa majani kupukutika haihitaji kikao

Dada mleta mada, pole. Nimesoma swali lako nikaona ni kama umechungulia dirishani kwetu. Unasema tangu majani yaanze kupukutika nyumba imebadilika: giza linaingia kabla hujamaliza kupika, watoto wamerudi shule na mafua, viatu vya matope vimejaa mlangoni, na mwenzio akitoka kazini anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Ukaanzisha daftari la shukrani, kila mtu aandike mambo matatu kabla ya kula. Sasa watoto wanaandika "nashukuru kwa uhai, familia na chakula" kila siku, neno kwa neno, kisha wanakimbia. Unauliza uendelee au uache.

Mimi ningeacha. Daftari lenyewe halina ubaya, ila limetengenezewa watu wengine. Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio yao ya shukrani. Katika moja, wanafunzi wa chuo waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo hadi 5 wanayoyashukuru. Kundi jingine liliandika kero, na la tatu matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi na waliitazama wiki inayokuja kwa matumaini zaidi. Lakini hao ni watu wazima, kila mmoja na karatasi yake, hakuna mama aliyesimama pembeni na sufuria inapoa. Halafu mwaka 2005 Sonja Lyubomirsky na wenzake wakaeleza kwamba walioorodhesha mema yao mara moja kwa wiki walipata nafuu, waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakupata. Wewe umewapa kila siku. Umewazidishia dozi.

Kabla ya kuendelea na shukrani, tuzungumzie giza kwanza, maana nadhani nusu ya kinachokusumbua kiko hapo na hakihusiani na malezi.

Mchana hupungua kwa kasi kubwa kuliko wakati wote mwingine pale usiku na mchana unapokaribia kulingana, yaani tarehe 22 au 23 Septemba kwa walio kaskazini mwa dunia (walio kusini kwao ni Machi). Ukiwa kwenye latitudo ya nyuzi 50 hivi, unapoteza karibu dakika 4 za mwanga kila siku, kwa wiki inakaribia nusu saa. Aliyekulia karibu na ikweta, ambako mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hili linampiga bila taarifa. Anadhani kachoka, au kalogwa. Na watoto wanapigwa vilevile, ila wao hawasemi "mwanga umepungua", wao wanagombana. Kisha nchi zinazobadilisha saa zinairudisha nyuma, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na mtoto mdogo ambaye hajui habari za saa anaamka saa kumi na moja alfajiri, macho makavu, anataka kucheza.

Sisi tulichofanya ni kuhamisha mambo. Wakitoka shule hatuingii ndani moja kwa moja, tunazunguka nje kwanza maadamu kuna mwanga, hata kama kuna manyunyu. Kazi za shule baadaye. Kwetu hilo peke yake lilipunguza ugomvi wa jioni kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Na ndipo maswali yanapokuja. Wa katikati aliniuliza kwa nini majani yanageuka rangi, nikamweleza: kijani kinavunjika, njano ilikuwamo tangu mwanzo ila ilifunikwa, nyekundu mara nyingi inatengenezwa upya msimu huuhuu, na mti unavuta naitrojeni kutoka kwenye jani na kuihifadhi kabla ya kuliachia. Najua wengine mngeligeuza hilo kuwa fumbo la maisha. Mtoto alitaka kujua habari za majani, akajibiwa habari za majani, akaokota moja akaenda zake.

Sasa shukrani. Nilivyokuja kuona, mtoto hawezi kushukuru "familia". Familia ni kitu kikubwa mno, ni sawa na kumwambia ashukuru hewa. Anaweza kumshukuru dada yake kwa kumsubiri getini. Na sisi wazazi tuko hivyohivyo, tofauti yetu na wao ni kwamba tunajua kujifanya. Kwa hiyo kwetu tuliondoa kikao, tukabaki na kanuni moja isiyoandikwa popote: ukiona mtu kafanya jambo, mwambie yeye mwenyewe, palepale, taja alichofanya.

Nikupe mfano mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha siku nzima, viatu vya binti yetu mkubwa vimelowa chepechepe. Asubuhi nakuta vimejazwa magazeti yaliyokunjwakunjwa hadi kwenye vidole, vimewekwa kwa adabu mbali kidogo na joto ili ngozi isipasuke. Nikauliza nani kafanya hivi. Kimya. Wa mwisho anachezea kijiko. Nikamwambia, "Wewe umeona viatu vya dada vimelowa, hukuambiwa na mtu. Una jicho la kuangalia wenzako." Hakujibu kitu, ila alikaa wima kwenye kiti. Kesho yake viatu vyote vya nyumba vilikuwa na magazeti, pamoja na ndara za bafuni. Gazeti langu ambalo sikuwa nimelisoma nalo lilikuwa humo. Nikameza mate, nikamshukuru tena.

Angalia nilivyosema, maana namna ina uzito wake. Sikumwambia "asante, umenirahisishia kazi". Sara Algoe na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa wapenzi wakishukuriana, wakatenganisha shukrani inayomsifu mtendaji ("wewe ni mtu wa kujali") na ile inayoeleza faida niliyopata mimi ("nimepata kupumzika"). Ile ya kwanza ndiyo iliyomfanya anayeshukuriwa ajisikie vizuri na kumwona mwenzake ni mtu anayemjali. Ya pili haikuwa na nguvu hiyo. Nilipolisoma hilo nikakumbuka ni mara ngapi asante zangu zilikuwa habari zangu mimi mwenyewe.

Na kuhusu wadogo kutosema asante, usijiumize moyo. Jean Berko Gleason na Sandra Weintraub waliwarekodi watoto wakipita nyumba hadi nyumba usiku wa Halloween wakiomba peremende, utafiti ukachapishwa mwaka 1976. Walio chini ya miaka 6 wengi wao walichukua wakaondoka bila neno. Walio na miaka 11 kwenda juu, walio wengi sana walishukuru bila kukumbushwa. Mdogo mkumbushe kwa upole, yatakuja. Ila usichanganye neno la adabu na moyo wenyewe. Neno linafundishika kwa kurudiarudia, moyo unafundishwa na anachokiona wewe na baba yake mkifanyiana.

Kuna siku moja msimu huu ambayo kwetu naipenda kuliko zote, na haina jina: siku ya kutoa nguo nzito. Masanduku yanashushwa, makoti yanatupwa kitandani, kila mtu anajaribisha. Mikono ya koti la mwaka jana inaishia karibu na kiwiko, soksi za sufu zina matundu, mfukoni unatoka mchanga na kifungo kisichojulikana ni cha nguo gani. Koti la mkubwa linahamia kwa mdogo. Hapo ndipo wazazi wengi huharibu: "Mshukuru dada yako!" Mtoto alitaka koti jipya, kapewa kuukuu lenye zipu inayokwama, halafu anaamriwa afurahi. Mimi siamrishi. Namwacha anune. Tunamwomba mkubwa amwonyeshe ujanja wa ile zipu, kwamba uivute chini kidogo kwanza ndipo upandishe. Wakishainamiana pale kwenye zipu, mara nyingi asante inatoka yenyewe. Isipotoka pia si mwisho wa dunia, koti lipo na baridi halimpigi.

Umeuliza pia habari ya kijana wako wa miaka 13 anayesema daftari ni "la kitoto". Huyo muunge mkono, ana hoja. Kwa umri huo asante ya punda ni mateke, lakini wanasikia kila kitu. Wa kwetu namshukuru kwa kifupi, bila watu, tena nikiwa nafanya kitu kingine ili asilazimike kuniangalia usoni. "Nimeona umebeba begi la mdogo wako." Basi, naendelea kukusanya majani. Ukirefusha umeharibu.

Sasa kwa mwenzio. Hapa watu wa jukwaani mtanirushia mawe, kuna mmoja juu huko ameandika "kwa nini nimshukuru mtu kwa wajibu wake?" Mkuu, kwa sababu wajibu nao unachosha. Mama watoto ndiye anayekumbuka chanjo ya mafua, fomu za shule, nani kucha zake zimerefuka. Haya hayaonekani mpaka yasipofanyika. Mwaka 2010 Algoe na wenzake tena walichapisha utafiti wa wapenzi walioandika shajara kila siku, wakakuta kwamba siku mtu anapohisi shukrani kwa mwenzake, kesho yake uhusiano wao anauona umekaa vizuri zaidi. Mambo madogo ya kila siku hayohayo. Kwa hiyo anza wewe, dada, usingoje yeye aanze, na usimtangazie kwamba umeanza mradi. Taja kitu kimoja alichofanya akiwa amechoka. Ila nisisitize na upande wa pili: asante isigeuke mshahara wa kumwachia mtu mmoja kazi zote. Mume anayeshukuru kwa ufasaha huku kakaa kitini, na reki iko mikononi mwa mke, huyo anatafuta maneno.

Na kulalamika ruksa. Kwetu mtu akiingia na kisirani anaruhusiwa kukitoa chote kabla hajaulizwa lolote jema. Shukrani inayodaiwa kwa mtu mwenye dukuduku inageuka unafiki, na watoto wanaunusa haraka.

Jambo la mwisho na naomba ulichukulie kwa uzito. Umeandika kwamba mwenzio yuko hivi kila mwaka msimu huu, analala sana, anakula sana vitu vya wanga, na inapofika majira ya joto anarudi kuwa yeye. Hiyo huenda si tabia. Tangu mwaka 1984, Norman Rosenthal na wenzake walipoieleza, kuna aina ya sonona inayojulikana inayokuja na kuondoka na majira, na ina matibabu, mojawapo ni kukaa mbele ya taa maalumu yenye mwanga mkali asubuhi chini ya maelekezo ya daktari. Sisemi anayo, mimi si daktari. Nasema daftari lisitumike kumtibu mtu anayehitaji kuonwa na mtaalamu, na asiambiwe hana shukrani wakati anaumwa. Mshawishi aende mapema, kabla siku hazijawa fupi zaidi ya hapa.

Daftari usilitupe. Liweke, na Jumapili jioni anayetaka aandike, asiyetaka aache. La kwetu siku hizi limejaa michoro ya viatu. Ukijaribu hili la kutaja jambo palepale, rudi utuambie huyo wa miaka 13 amelipokeaje, maana na mimi wa pili wangu anaukaribia umri huo.